Kutafuta shoti kwenye gari: balbu, multimita, kifuata-shoti au skana?

Fyuzi moja ikiungua, mtu huweka nyingine na kuendelea na safari. Ya pili ikiungua palepale ulipoichomeka, jua kuna waya inayogusa isipopaswa, na kuanzia hapo kila unayemuuliza atakutajia kifaa chake. Mmoja anaapa kwa multimita, mwingine anasema bila skana unajisumbua, wa tatu anatoa mfukoni balbu ya breki yenye waya mbili zilizochunwa. Wote wana haki, ila si kwa tatizo lile lile.

Ugumu wa shoti ni kwamba fyuzi huilinda waya kwa kuua ushahidi. Waya ya chanya ikigusa bodi, mkondo unapanda ghafla, fyuzi inakatika, na saketi inabaki kimya. Hakuna cha kupima wala cha kuona. Kwa hiyo ninapolinganisha vifaa hivi nauliza jambo moja kwanza: kipi kitaiacha shoti iendelee kuwepo, bila kuunguza kitu, mpaka nijue iko wapi? Bei ya kifaa na ung'aavu wa kasha lake vitafuata baadaye.

Kwanza ijue hitilafu yako

Watu wengi huita kila ugonjwa wa umeme shoti, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea. Shoti ya bodi ni waya ya chanya kugusa chuma cha gari kabla umeme haujafika kwenye mzigo, yaani taa, mota au honi. Hiyo ndiyo inayounguza fyuzi. Nyaya mbili za chanya zikigusana, fyuzi inaweza kupona kabisa, lakini kitu kinawaka bila kuwashwa: unafungua taa za maegesho na feni nayo inazunguka. Betri inayolala usiku ni jambo jingine tena. Umeme unavuja kidogo kidogo, mara nyingi kupitia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyonata au kifaa kisichozimika. Waya iliyokatika haina ushoti wowote, ingawa mwenye gari atakwambia "imepiga shoti" kwa sababu taa haiwaki.

Kuna pia mwigo unaowadanganya hata mafundi wazoefu: hasi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Holda ya taa za nyuma ikipata kutu pale inapoungana na bodi, umeme wa indiketa unatafuta njia ya kurudi kupitia taa ya breki, na taa mbili zinapepesa pamoja kama vile nyaya zimegusana. Isugue sehemu hiyo ya hasi kwanza. Mara nyingi kazi inaishia hapo, na vifaa vyote ninavyovitaja hapa chini vinabaki kwenye sanduku.

Balbu dhidi ya multimita

Huu ndio uchaguzi wa kweli kwa mtu anayefanyia kazi gari lake mwenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kuliko kwingine.

Njia ya balbu ni rahisi mno. Unachukua fyuzi iliyoungua, unaunganisha waya mbili kwenye miguu yake, na upande wa pili unaweka holda yenye balbu ya nyuzi, kwa mfano ya wati 21 ya taa ya breki. Unaichomeka mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo, volti karibu zote za betri zinaangukia kwenye balbu nayo inawaka kwa nguvu zote. Balbu sasa ndiyo mzigo: ile ya wati 21 kwenye volti 12 haipitishi zaidi ya ampea 1.75 au hivi, ya taa kubwa ya wati 55 hupitisha ampea 4.6 hivi. Waya haiungui, fyuzi hazipotei, na shoti inabaki hai mbele ya macho yako kwa muda unaoutaka. Unaanza kuchomoa soketi moja baada ya nyingine, unatikisa waringi kwenye bawaba za mlango, unainua nyaya chini ya kiti. Balbu ikizimika au kufifia ghafla, umeshika mahali penyewe. Ukiipa balbu waya ndefu na kuitundika kwenye kioo cha mbele, huhitaji mtu wa pili wa kukuambia "imezima".

Udhaifu wake uko kwenye saketi zenye mizigo mizito. Mota ya feni ya kabini iliyo kwenye fyuzi ya ampea 30 ina ukinzani mdogo sana ikiwa imesimama, hivyo balbu ndogo itawaka vizuri hata kama hakuna shoti yoyote. Dawa ni kuchomoa mizigo kwanza: mota, taa zote, kila kitu kinacholishwa na fyuzi hiyo. Kikibaki kimechomolewa chote na balbu bado inang'aa, waya ndiyo mkosaji. Ikizima ulipochomoa mota, basi ama mota yenyewe imepiga shoti ndani au ulikuwa unaona mzigo wake wa kawaida, na utahitaji kuipima peke yake. Pia usitumie taa ya LED kwa kazi hii. LED inaridhika na mkondo mdogo sana na itawaka hata kwa uvujaji usio na maana, na hapo mwanga wake hautakwambia lolote.

Multimita inafanya kazi kinyume chake: inaitafuta shoti ikiwa umeme umezimwa. Unachomoa hasi ya betri, unatoa fyuzi, unaweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha moja kwenye mguu wa upande wa mzigo na nyingine kwenye chuma safi cha bodi. Mguu upi ni wa mzigo? Kabla ya kuchomoa betri, washa swichi ya gari halafu angalia ule usio na volti 12; huo ndio. Mita ikisoma karibu na sifuri, kuna njia ya moja kwa moja kwenda kwenye bodi.

Sasa mtego. Nyuzi za balbu zikiwa baridi zina ukinzani mdogo mara nyingi kuliko zikiwa zinawaka. Balbu ya wati 21 ikiwaka ina omu 7 hivi, ikiwa baridi ni chini ya omu moja. Gari lenye taa tatu za breki zilizoungwa sambamba litakupa namba inayofanana kabisa na shoti, na mlio wa mita utalia kwa furaha. Wapo waliokwisha kukata waringi mzima kwa kuuamini mlio huo, wakati balbu zilikuwa zimekaa kwenye holda zake bila kosa. Ukipima kwa omu, toa balbu na chomoa mizigo yote, bila msamaha.

Jambo la pili ni kwamba mita hutuma mkondo mdogo sana kwenye waya. Uzi mmoja wa shaba unaogusa bodi kwa shida, au plastiki iliyoungua na kuwa makaa, unaweza kupita mtihani wa mita na bado ukaunguza fyuzi barabarani. Na shoti inayokuja na kuondoka gari likitikisika? Mita ya kawaida ya namba hubadilisha usomaji mara chache tu kwa sekunde. Mguso wa kupepesa jicho unaipita. Balbu itamulika mara moja na utaiona.

Basi kwa fyuzi inayoungua, naanza na balbu na kumalizia na mita. Lakini ukiniuliza ununue nini, nitasema multimita, kwa sababu balbu utaitengeneza mwenyewe kutokana na vitu vya kutupwa, na mita utaihitaji kwa kila kitu kingine kilichobaki katika makala haya.

Testa ya kawaida, ile ya ncha kali yenye balbu ndani ya mpini, iko katikati. Ukiibana kati ya miguu miwili ya fyuzi inafanya kazi ya balbu, kwa mwanga hafifu zaidi. Ni ya haraka kwa kuuliza "umeme umefika hapa?" Isipokuwa tu usiichome kwenye nyaya za kompyuta ya gari wala za sensa (vihisi vya gari), kwa sababu balbu yake inavuta mkondo ambao saketi hizo hazikuundwa kuutoa.

Kifuata-shoti: lini kinastahili

Kuna kifaa cha sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huchomekwa badala ya fyuzi, nayo ni swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi kisha inajirudisha, tena na tena. Sehemu ya pili ni mita yenye mshale unayoipitisha juu ya waringi. Kila swichi inapofunga, mkondo unapita kwa muda mfupi, unaunda uga wa sumaku kuzunguka waya, na mshale unaruka. Ukishaipita sehemu yenye shoti mshale unatulia. Wapo wanaofanya hivyo hivyo kwa dira ya kawaida.

Uzuri wake ni mmoja, lakini ni mkubwa: unaona kupitia zulia, dari na mapambo ya milango. Balbu inakwambia shoti ipo kwenye kipande kati ya soketi hii na ile, na kipande hicho kinaweza kuwa mita tatu za waya chini ya sakafu. Kifuata-shoti kinakwambia inua zulia hapa. Kwa fundi anayelipwa kwa muda, huko ni kuokoa nusu siku. Kwa mwenye gari moja, sidhani kama kinastahili kununuliwa. Kuinua zulia lote ni kero, lakini ni kero ya mara moja.

Ukikiazima, angalia kiwango cha swichi yake kisizidi kile cha fyuzi uliyoitoa, kwa sababu safari hii mkondo wa shoti unapita kweli kweli. Chomoa pia kompyuta zozote zilizo kwenye saketi hiyo. Tarajia mshale kuchanganyikiwa karibu na nguzo nene za chuma, au pale waya ya chanya na ya hasi zinapopita zimekumbatiana, maana uga wa moja unafuta wa nyingine.

Aina nyingine hutuma mlio kwenye waya na wewe unaufuata kwa kipokezi. Hiyo ni laini zaidi na inapata hata waya iliyokatika, ila mlio hurukia nyaya za jirani kwenye fungu lile lile. Kamera ya joto nayo husifiwa sana siku hizi. Kwa shoti kamili haina msaada mkubwa. Fyuzi hukatika kabla waya haijapata muda wa kupasha. Iweke kwa ajili ya rilei inayobaki na uvuguvugu gari likiwa limelala, au kichwa cha betri kilicholegea.

Skana inajua nini, haijui nini

Magari yanayouzwa Marekani yamelazimika kuwa na mfumo wa OBD-II, ambao gari hujichunguza nao na kutoa taarifa ya hitilafu, tangu modeli za 1996, na magari ya petroli ya Ulaya yalifuata mwaka 2001. Kwa hiyo karibu gari lolote la leo lina soketi ya kuchomeka skana. Tatizo ni matarajio. Skana inasoma kile tu ambacho kompyuta ya gari inakifuatilia. Waya ya taa ya namba iliyobanwa na kifuniko cha buti, kwenye magari mengi, kompyuta haina habari nayo.

Lakini shoti ikiwa upande wa sensa, skana inaipita balbu mbali sana. Chukua sensa ya joto la maji ya injini. Kodi (namba ya hitilafu) P0117 inasema volti ya saketi iko chini kupita kiasi, na P0118 inasema iko juu kupita kiasi. Kwenye sensa ya namna hii, chini mara nyingi ni waya kugusa bodi, juu mara nyingi ni waya iliyokatika au soketi iliyotoka. Unachomoa sensa na kuangalia: P0117 ikigeuka kuwa P0118, waya ni nzima na sensa ndiyo mbovu. Ikikataa kubadilika, fuata waya. Jaribio hilo ni la dakika chache na halihitaji kuchuna hata waya moja.

Dalili ya kuvutia zaidi ni pale kodi za sensa nne au tano zinapojitokeza kwa pamoja. Watu hununua sensa zote. Sensa nyingi hulishwa volti 5 kutoka chanzo kimoja ndani ya kompyuta, na moja tu ikipiga shoti huwavuta wenzake wote chini. Weka multimita kwenye waya ya volti 5, chomoa sensa moja moja, na ile inayozirudisha volti ndiyo yenye kosa. Hapa balbu ikae mbali kabisa.

Vivyo hivyo kwa nyaya mbili za mawasiliano ya CAN, ambazo kompyuta za gari huzungumzia. Skana ikishindwa kuongea na kompyuta yoyote, chomoa betri na pima omu kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya skana. Kwenye magari mengi utapata karibu omu 60, kwa kuwa kuna vikinzani viwili vya omu 120 sambamba. Ukipata karibu sifuri, nyaya hizo mbili zimegusana mahali. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Skana ilikuonyesha ukimya tu. Mita ndiyo iliyousoma.

Betri inayolala: mashindano mengine

Hapa hakuna fyuzi iliyoungua, kwa hiyo balbu haina nafasi. Njia ya kawaida ni kuweka multimita kwenye ampea, kati ya kichwa cha hasi na waya yake, halafu kutoa fyuzi moja moja mpaka mkondo ushuke. Inafanya kazi, ila kompyuta za magari ya sasa huchukua muda kulala, pengine nusu saa au zaidi, na kila fyuzi unayoitoa na kuirudisha inaweza kuziamsha upya. Ukisahau na kuwasha taa kubwa au stata, fyuzi ya ndani ya mita inaondoka.

Napendelea kuiacha fyuzi mahali pake na kupima milivolti kati ya vile vitundu viwili vidogo vya chuma mgongoni mwake. Fyuzi isiyopitisha mkondo husoma sifuri. Yenye hata sehemu ndogo ya milivolti inapitisha kitu. Huamshi chochote. Mita ya klampu inayokamata waya ya betri bila kuikata ni safi pia, mradi iwe ya mkondo wa moja kwa moja na iweze kusoma miliampea. Nyingi za bei ya chini husoma umeme wa nyumba tu. Gari lililolala vizuri kwa kawaida huvuta chini ya miliampea 50.

Kabla ya kifaa chochote, macho

Ukweli ni kwamba shoti nyingi hukaa sehemu zile zile: mpira wa nyaya kati ya mlango na nguzo, bawaba za buti, reli za viti, soketi ya tela, waringi uliolalia ekzosi au ukingo wa chuma, na popote panya walipopata joto la injini. Uliza pia gari lilifanyiwa nini mara ya mwisho. Redio mpya, alamu, skrubu ya kufungia kifuniko: skrubu iliyopita katikati ya waya ni kitu cha kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Ukishaipata: risasi ya kulehemu, kiungio cha kubana, au tepu?

Tepu peke yake juu ya waya zilizosokotwa ni ya kukufikisha nyumbani. Gundi yake inayeyuka kwa joto, inateleza, na shoti inarudi mahali pale pale. Vile viklipu vya kudonoa umeme kutoka waya ya jirani navichukia kuliko hata tepu; vinakata nyuzi za shaba na kuingiza maji.

Risasi na kiungio cha kubana ndivyo vinavyogombana kweli. Risasi iliyochomwa vizuri hupitisha umeme bila wasiwasi, lakini hupanda ndani ya nyuzi na kuifanya waya iwe ngumu, na mtikisiko huivunja pale ugumu unapoishia. Kiungio cha kubana kwa koleo lake halisi, kikafunikwa na mrija wenye gundi unaosinyaa kwa joto, kinastahimili mtikisiko na unyevu. Kwa mlango, buti na injini ninachagua kubana. Ndani ya dashibodi ambapo hakuna kinachocheza, risasi iko sawa, mradi usitumie dawa ya kulehemu yenye asidi. Zikiwa nyaya kadhaa zimekatika mahali pamoja, panga viungio vyake vipishane, visilaliane. Waya ikiwa na kijani ndani ya plastiki, kata mpaka uione shaba safi, hata kama itabidi kuongeza kipande chenye unene ule ule. Nyaya za CAN zirudishe zikiwa zimesokotana kama ulivyozikuta.

Viko viwili ambavyo hakuna kifaa katika hivi kinachoruhusiwa kuvigusa bila mafunzo: soketi za mifuko ya hewa, ambazo kwa kawaida ni za njano, na nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye magari ya mseto na ya umeme.

Ukimaliza, irudishe ile balbu mahali pa fyuzi, mizigo ikiwa bado imechomolewa. Tikisa waringi, funga na fungua milango, zungusha usukani. Ikibaki imezima, rudisha soketi zote na uweke fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko cha boksi: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20. Ya bluu ikiwa inaungua, kuweka ya njano kunaihamishia waya kazi ya kuungua.